Baba mdogo alinikana mezani, asubuhi akanitumia hela

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 25, mzaliwa wa kijiji kimoja wilayani Mpwapwa. Nina mwaka mmoja na miezi minne nafanya kazi ya uhudumu kwenye hoteli moja hapa Dodoma mjini. Jambo hili limenikaa kifuani zaidi ya mwezi sasa na sijamwambia mtu, hata mama.

Baba yangu alifariki nikiwa darasa la sita. Mdogo wake ndiye aliyenilipia ada mpaka nikamaliza kidato cha nne, na baadaye akanilipia cheti cha mambo ya hoteli. Hilo sijalisahau. Baba mdogo ana cheo serikalini, alihamia hapa kutoka Dar ofisi zilipohamia, ana nyumba Ilazo. Akija kijijini mbuzi anachinjwa.

Mwezi wa sita, Bunge la bajeti likiendelea, mji unajaa, unajua mwenyewe. Siku hiyo nilikuwa zamu ya usiku. Saa mbili hivi akaingia na wageni watatu, wanaume wawili na mama mmoja, wakakaa meza namba saba, ambayo ni yangu. Nilifurahi, Shangazi. Nikasogea na menyu, mdomo umeshafunguka nimwamkie kwa Kigogo kama nyumbani, "mbukwenyi". Akanitazama usoni, akaona ni mimi, nina uhakika aliona. Akasema, "Lete menyu. Na utufutie hii meza."

Nikadhani labda hataki kuchanganya kazi na undugu. Nikafuta. Kuanzia hapo nikawa "we msichana", na vidole vikawa vinalia kila baada ya dakika mbili. Yeye aliagiza sato makange. Samaki wetu wanatoka Mtera, na jikoni siku ile walielemewa, akachelewa karibu dakika hamsini. Nilienda mara mbili kuomba radhi. Sato alipofika, baba mdogo akamgusa kwa uma, akasema hajaiva karibu na mfupa. Nikasema samahani, namrudisha jikoni. Akaisukuma sahani kwa kidole kimoja, taratibu, huku ananitazama, mpaka ukingoni mwa meza, ikaanguka miguuni pangu. Mchuzi ukanilowesha sketi na viatu. Kisha akawageukia wageni wake: "Hawa wanawaokota huko vijijini, hata sahani hawajui kushika. Ndiyo shida ya huu mji."

Wanaume wakacheka. Nikapiga magoti kuokota vipande. Yule mama peke yake akainama na tishu zake akanisaidia, akaninong'oneza, "Pole mdogo wangu." Shangazi, hicho kijiji anachokisema ni chetu. Nyumba aliyozaliwa yeye na niliyozaliwa mimi zimepakana.

Wakaondoka bila kulipa. Bili ilikuwa 118,000. Meneja aliwafuata mpaka kwenye gari, akarudi akasema mheshimiwa hawezi kudaiwa kwa huduma mbovu, nitalipa mimi. Mwisho wa mwezi mshahara wangu wa 240,000 ukaingia 122,000. Hakuna karatasi, ni maneno ya mdomo tu. Nilipouliza akanijibu kwamba mteja ni mfalme, na kama nina maneno mengi wapo wasichana mia getini wanataka hiyo nafasi. Mkataba sina, tangu naanza naambiwa utakuja.

Asubuhi ya siku iliyofuata tukio, simu yangu iliingiza 50,000 kutoka namba ya baba mdogo. Hakuandika neno, hakupiga. Sijaitoa mpaka leo.

Tarehe 16 Agosti kaka yangu anaoa. Baba mdogo ndiye mwenyekiti wa kamati na ndiye anayesimama mahali pa baba. Mimi ni binti wa nyumba, nitashika birika ninawishe wakubwa mikono, yeye akiwa wa kwanza. Nikiwaza hilo mikono inatetemeka. Nikisema, mama ataniambia sina fadhila. Nikinyamaza nitaugua. Ile hela niirudishe? Mshahara nidai, au nitafukuzwa? Na huyu mtu, Shangazi, alipatwa na nini?

Binti wa Mpwapwa

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Nimesoma barua yako mara tatu na kila mara nimekwama kwenye kile kidole. Mtu akirusha sahani kwa hasira, utasema hasira zimempanda. Anayeisukuma polepole huku anakuangalia amepata nafasi ya kusimama kila inchi ya ile meza, na hakusimama. Kwa hiyo usijiulize tena kama ulikosea kushika sahani. Kosa halikuwa lako.

Nianze na mshahara, maana huo una tarehe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inamruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara, lakini kwa masharti, na yote yatimie. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako. Akuandikie sababu, kiasi, na namna alivyokipata. Akupe nafasi ya kupinga. Asikate zaidi ya hasara yenyewe, na makato hayo yasizidi robo ya mshahara wako. Robo ya 240,000 ni 60,000. Huyo kakata 118,000, karibu nusu, kwa mdomo. Hata kama ungekuwa umembamiza yule samaki ukutani kwa mkono wako, bado asingeruhusiwa kukata hivyo.

Mwandikie meneja barua ya ukurasa mmoja: tarehe, kilichotokea, kiasi kilichokatwa, na kwamba unaomba urudishiwe. Ipige picha kabla hujampa. Akikaa kimya au akikataa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile watu wanaiita CMA, ofisi ipo hapahapa Dodoma, ujaze fomu namba moja. Madai kama yako yana siku 60. Kama mshahara uliingia tarehe 30 Juni, siku zako zinaisha tarehe 29 Agosti, kwa hiyo usisubiri harusi ipite ndipo uanze kuhangaika. Akikufukuza kwa sababu ya barua hiyo, hilo ni dai lingine, na muda wake ni mfupi zaidi, siku 30. Umeshapita miezi sita kazini, hawezi kukutoa bila sababu halali na utaratibu. Kukosa mkataba wa maandishi kusikutishe: maandishi ni wajibu wa mwajiri, na mbele ya Tume akishindwa kuyaonesha, mzigo wa kuthibitisha makubaliano yenu unamwangukia yeye. Uliza pia wenzako kama kuna mwanachama wa CHODAWU, hicho ndicho chama cha wafanyakazi wa hotelini na majumbani. Barua ya mtu mmoja inachanwa kirahisi kuliko barua yenye chama nyuma yake.

Sitakudanganya kwamba meneja atafurahi. Anaweza kukubadilishia zamu, anaweza kukununia. Lakini ukinyamazia 118,000 leo, bili ya meza inayofuata itakayokimbia nayo itakuwa yako, na ya mwenzako wa kaunta. Na kuhusu mfalme wake: sawa, mteja ni mfalme, ila mtu mzima kama huyo meneja anajua kwamba chakula hulipwa na aliyeagiza.

Sasa tuje kwa baba yako mdogo. Umeuliza alipatwa na nini, na hapo ndipo nataka kukaa.

Mama yangu aliuza chai na maandazi stesheni ya hapa Dodoma, enzi treni ya reli ya kati ikisimama watu wote wanashuka kunyoosha miguu. Mimi nilikuwa mshika vikombe, nina miaka minane, tisa hivi. Abiria wa daraja la tatu walikuwa wanakupa senti mkononi, kiganja kwa kiganja, na kikombe wanakirudisha wenyewe, wengine wanakisuuza kabisa. Kwenye behewa la daraja la kwanza palikuwa na watu waungwana, nisiwasingizie, lakini walikuwepo ambao hela hawakukupa, waliirusha. Sarafu ikadondoka kwenye kokoto, ukainama kuitafuta na honi inalia, na huku juu dirishani mtu anakutazama kisogo. Mama hakuwahi kugombana nao. Alichofanya ni kuwakumbuka. Treni ikirudi na mtu yuleyule akiita "chai!", mama analipita lile dirisha kama halipo, anakwenda la pili. Hasara ya kikombe kimoja aliibeba. Nilimuuliza mara moja kwa nini, akasema, "Yule hataki chai, anataka niiname."

Ndicho alichotaka baba yako mdogo usiku ule. Samaki alikuwa kisingizio.

Najua watu watakutupia ile methali, masikini akipata matako hulia mbwata. Mimi siipendi. Inamfanya masikini ndiye mwenye kasoro hata pale alipokwisha kuacha kuwa masikini, na inawasahau waliozaliwa nazo, ambao wengi wao ndio waliokuwa wanarusha sarafu pale stesheni. Ubaya huu unafundishwa na nafasi aliyonayo mtu, na kila anayepanda anaukuta umeshakaa pale juu unamsubiri. Anaweza kuupokea au kuukataa. Yule mama aliyekupa pole alikaa meza ileile, kwa bili ileile, na akainama na tishu zake.

Mimi nimekulia wakati wa "ndugu". Baada ya Azimio la Arusha la 1967 hata waziri aliitwa ndugu, na baba yangu, mfua mabati, alimwita mkuu wa wilaya hivyohivyo bila kutetemeka. Sisemi zamani ilikuwa pepo. Wakubwa walikuwepo, tuliwaita naizesheni, tuliwaita wabenzi, na sisi makabwela foleni ya sukari tuliijua wenyewe. Lakini neno lenyewe lilikuwa linamlazimisha mkubwa asikie, mara ishirini kwa siku, kwamba ni ndugu yako. Tangu miaka ya tisini tumezoea "mheshimiwa", na sasa kila mwenye gari refu ni mheshimiwa, hata asiyekuwa na cheo chochote. Meneja wako hakumdai bili kwa sababu ya hilo neno. Akakata hasara yake kwa mtu ambaye hana neno la kumkinga.

Na mji wetu umekuwa hivi kwa haraka. Makao makuu kuja Dodoma yaliamuliwa mwaka 1973, lakini wenye vyeo walianza kumiminika kweli baada ya 2016. Mageti yameota Ilazo, Kisasa, Iyumbu. Nyuma ya kila geti kuna binti wa Bahi, wa Chamwino, wa Kongwa anafua na kupika, na kwenye kila hoteli yuko mwenzake anabeba trei. Kwa hiyo siku hizi ndugu wa damu wanakutana hapa, mmoja amekaa na mwingine amesimama. Wewe si wa kwanza kuniandikia, ingawa ni wa kwanza kusema bila kuzunguka kwamba ni baba mdogo.

Nifikirie pamoja nawe ile sekunde ulipofungua mdomo. Ulikuwa unataka kusema "mbukwenyi". Sisi watu wa Dodoma tumetaniwa njaa na ombaomba miaka mingi. Utani wa makabila tunaupokea na tunaurudisha, hauna neno. Lakini mtu aliyekaa Dar miaka mingi, akawa anacheka pamoja na wanaomcheka ili apite, anajifunza kuficha alikotoka. Halafu anakaa na wageni anaotaka wamwone mtu wa mjini, na anakuja binti mwenye sura ya kaka yake, na trei mkononi, anataka kumwamkia kwa lugha ya mama yake. Aliogopa, mwanangu. Ndiyo maana hakuishia kukunyamazia, ambako kungetosha kumficha. Alitaja kijiji kwa mdomo wake mwenyewe, akakitukana, ili pasiwe na mtu mezani pale wa kufikiri kwamba na yeye katoka huko.

Nakueleza hivi uelewe, sikuombi umhurumie. Woga wake umekulowesha mchuzi mbele za watu na kukumalizia nusu ya mshahara. Katiba yetu, ibara ya 12, inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Kutambuliwa kumetajwa pale kabla ya kuthaminiwa. Yeye alianza kwa kukataa kukutambua.

Ile 50,000. Hela inayokuja bila salamu ni ya kufunga mdomo, au ni ya mtu aliyeshindwa kulala. Nadhani ni vyote viwili. Umefanya vizuri kutoigusa. Usiirudishe kwa simu, maana nayo itakuwa imekwenda bila neno kama ilivyokuja, na yeye atapumua. Itoe taslimu, ikunje, ikae. Nitakuambia pa kuipeleka.

Kuhusu fadhila, ada alilipa na utamshukuru mpaka mwisho. Lakini ada ya binti wa marehemu kaka yake ilikuwa wajibu wake kama baba, na hakuna mahali, Ugogoni wala pengine, ambapo baba akimsomesha mtoto ananunua na ruhusa ya kumsukumia sahani. Mama yako akikuambia huna fadhila, usibishane naye. Huenda anamwogopa shemeji yake kwa sababu bado anamtegemea. Usimbebeshe jambo hili kwanza.

Wa kumbebesha ni shangazi yako. Nazungumzia dada yao wa kweli, marehemu baba yako na huyu. Kama yuko hai na ana nguvu za kusema, huyo ndiye mtu pekee kwenye ukoo wenu ambaye baba mdogo hawezi kumwita "we msichana". Mfuate kabla ya harusi, ukiwa peke yako, umweleze kama ulivyonieleza, hata kile kidole. Usipunguze kwa aibu na usiongeze kwa uchungu. Mwombe amwite mdogo wake, mkae watatu, nyumbani kwake na si Ilazo. Sebule yenye makochi ya baba mdogo itakufanya urudi kuwa mhudumu.

Hapo sema machache. Kitu kama: "Baba mdogo, ada yangu uliilipa, nakushukuru. Usiku ule ulinijua ukanikana, ukanimwagia chakula, na bili yako nimelipa mimi. Hii 50,000 uliyonitumia sikujua ni ya nini." Uiweke mkekani, unyamaze. Usijaze kimya kwa "samahani kama nimekosea", najua ulimi wa kazini unakimbilia huko. Mwache shangazi yako aseme yanayobaki. Na mwombe amwambie mdogo wake aende pale hotelini kwa miguu yake, mchana, akalipe 118,000 kaunta na kuomba risiti. Asikutumie wewe hiyo hela. Meneja wako amwone mheshimiwa akilipa deni. Dai lako la mshahara, hata hivyo, lisimsubiri yeye, kwa sababu kosa la hoteli ni la hoteli, baba mdogo alipe asilipe.

Akikataa kuja? Utakuwa umeshasema, kwa mtu mzima anayestahili kusikia, na hilo litakuondolea kitu kifuani. Usimtangaze harusini wala kwenye kundi la simu la ukoo. Kaka yako anaoa mara moja, usiigeuze siku yake.

Nibaki na birika. Kwetu kumnawisha mtu mikono ni heshima kubwa, na ina pande mbili. Binti anaweka beseni, anamimina polepole maji yasiruke, na mkubwa anasema "asante mwanangu" akiwa anamtazama. Nimeona wazee wakikataa kula mpaka wamjue aliyewanawisha ni wa nani. Kama mmekaa kwa shangazi yako na amesema lake, hata kama kalisema kwa kugugumia, shika birika umnawishe wa kwanza kama mila ilivyo. Kama hakuja, mpe mdogo wako birika ikifika zamu yake, wewe uendelee na waliobaki. Hutakuwa umekosa adabu. Na shangazi yako akiuliza nani kakufundisha hivyo, mwambie ni mimi, na mpe barua hii aisome.